Motokaa Inayokunywa Mafuta Kupita Kiasi



Katika ukurasa huu wa masomo tumezoea kuzungumza juu ya mbegu, mbolea na dawa ya mikorosho. Mwezi huu tutazungumza juu ya motokaa. Wako wakulima katika skimu za makazi za pwani yetu, tangu Vipingo na kando ya Takaungu hadi Ngerenya, Tezo-Roka na Magarini, ambao wamejinunulia gari kubwa la jamaa, la namna ile iliyoinuka juu ya ardhi, yenye viti vya watu wengi na nafasi ya mizigo nyuma. Gari hilo hupeleka maembe na nazi sokoni Kilifi, huwarudisha watoto kutoka shule za bweni, na usiku wa manane humfikisha mgonjwa hospitali. Ni msaada mkubwa. Lakini likianza kunywa mafuta kupita kiasi, fedha za shamba huishia ndani ya tangi, na siku ya haja ya kweli hukutwa tangi tupu.

Mara nyingi mwenye gari hufanya moja katika mambo mawili. Ama hulaumu kituo cha petroli, ama hupeleka gari kwa fundi, na fundi hufungua injini akabadili hiki na kile, mpaka gharama ikawa kubwa kuliko mafuta yaliyopotea. Wengine huliuza gari kwa hasara. Somo hili lataka kukuonyesha njia nyingine, nayo ni hii: pima kwanza, ondoa sababu zisizo na gharama, kisha tengeneza kitu kimoja kimoja, na kila mara upime tena.

SEHEMU YA KWANZA: KUPIMA

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ng'ombe wa maziwa huandikiwa lita zake kila siku. Gari nalo liandikiwe lita zake.

Sindano ya mafuta iliyo mbele ya dereva si kipimo. Hupanda na kushuka kwa mlima na mteremko. Wala shilingi si kipimo, kwa sababu Mamlaka ya Kusimamia Kawi na Petroli (EPRA) hutangaza bei mpya kila mwezi. Mtu anayesema, "Zamani mafuta ya elfu mbili yalinifikisha Malindi, sasa hayanifikishi," huenda gari lake ni zima kabisa na bei ndiyo iliyopanda. Kipimo cha haki ni lita na kilomita. Fanya hivi:

1. Jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe mara ya kwanza. Usiendelee kuminya.
2. Andika namba ya kilomita inayoonekana kwenye saa ya gari.
3. Tumia gari kama desturi yako, mpaka tangi lifike nusu au chini ya nusu.
4. Rudi kituo kile kile, na ikiwezekana pampu ile ile. Jaza tena mpaka ijikate. Andika lita zilizoingia na namba mpya ya kilomita.
5. Toa namba ya kwanza katika namba ya pili, upate kilomita ulizokwenda. Gawanya kilomita hizo kwa lita.

Tuseme umekwenda kilomita 420, na tangi limechukua lita 60. Gawanya 420 kwa 60: gari linakwenda kilomita 7 kwa lita moja. Kama zamani lilikwenda kilomita 10 kwa lita, safari hizo zingehitaji lita 42 tu. Lita 18 zimepotea. Tuseme lita ni shilingi 180 (wewe tumia bei ya siku yako); hizo ni shilingi 3,240 katika tangi moja. Ukijaza mara mbili kwa mwezi, ni shilingi 6,480. Sasa chukua bei uliyouzia korosho msimu uliopita, uhesabu mwenyewe ni kilo ngapi unazochoma njiani kila mwezi bila faida.

Usihukumu kwa kipimo kimoja. Juma moja huenda ulibeba magunia, juma jingine ulikwenda peke yako. Pima mara mbili au tatu ndipo useme.

Jihadhari na jambo moja. Kama wewe, au mwenye gari wa kwanza, aliweka matairi makubwa kuliko yale ya kiwandani, kila tairi huzunguka mara chache zaidi kwa kila kilomita, na saa ya gari huhesabu pungufu. Gari huonekana linakunywa kuliko kweli. Linganisha saa yako na ramani ya simu katika safari ndefu, kama ile ya Kilifi mpaka Mombasa. Zikitofautiana sana, rekebisha hesabu yako kwanza.

SEHEMU YA PILI: SABABU ZISIZO NA GHARAMA

Mambo haya waweza kuyaondoa yote kwa siku moja, maana hayahitaji fedha nyingi wala fundi.

Upepo wa matairi. Tairi lenye upepo mdogo hulala, na injini hulisukuma kama mtu asukumaye baiskeli mchangani. Kiasi cha upepo kinachotakiwa kimeandikwa kwenye kibandiko, mara nyingi katika nguzo ya mlango wa dereva. Namba kubwa iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi, si kiasi cha gari lako, usiifuate. Pima asubuhi matairi yakiwa baridi, kabla ya safari. Hesabu za Idara ya Nishati ya Marekani zaonyesha kwamba kila paundi moja ya upepo ikipungua katika matairi yote, mafuta hupotea kwa sehemu 2 katika 1,000. Ukiona ni kidogo, kumbuka kwamba wengi huendesha matairi yaliyopungua paundi 10 bila kujua, na tairi la namna hiyo hulika upesi tena laweza kupasuka.

Mizigo na keria. Angalia nyuma ya gari. Kuna jembe, mnyororo, dumu la maji, gunia la mbegu lililosahauliwa tangu mvua za masika? Kilo 45 za mzigo usio na kazi hupoteza mafuta kama sehemu 1 katika 100. Keria ya juu ni mbaya zaidi, kwa sababu hupigana na upepo. Kwa hesabu za idara ile ile, sanduku kubwa juu ya paa laweza kupoteza sehemu 6 hadi 17 katika 100 katika barabara kuu, na zaidi mwendo ukiwa mkali. Ukiisha kuuza maembe, teremsha keria. Msimu ujao utaipandisha tena.

Vitufe vya gia. Magari mengi ya Kijapani yenye gia za kujibadilisha, hasa ya miaka ya nyuma, yana kitufe kidogo kando ya mkono wa gia. Kikibonyezwa bila kukusudia, taa yenye maneno O/D OFF huwaka mbele ya dereva, na gari haliingii gia yake ya juu kabisa. Injini hunguruma kwa kasi na kunywa mafuta, na mwenye gari hudhani injini imechoka. Bonyeza, taa izimike. Vivyo hivyo angalia nguvu ya magurudumu manne. Kama gari lako ni la namna inayofungwa kwa mkono au kwa kitufe, ifunge kwenye matope au mchanga tu, na ukifika lami uifungue. Kuiacha imefungwa kwenye lami hupoteza mafuta, hula matairi na huvunja meno ya gia.

Mguu wa dereva. Haraka haraka haina baraka, na katika mafuta jambo hili ni kweli kabisa. Kuondoka kwa kishindo, kukimbia, kisha kupiga breki ghafula, hupoteza mafuta kuliko magonjwa mengi ya injini: sehemu 15 hadi 30 katika 100 kwenye barabara kuu, na hata 40 katika msongamano. Kupita mwendo wa kilomita 80 kwa saa, upepo hulizuia gari kwa nguvu inayozidi upesi. Tazama mbele, ukiona matuta au ng'ombe barabarani, ondoa mguu mapema.

Kusimama injini ikinguruma. Wazee wanaikumbuka feri ya Kilifi, kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991. Magari yalipanga safu yakingoja kuvuka, na dereva mwenye akili alizima injini. Desturi hiyo ni njema hata leo, ukingojea mtu sokoni au ukikuta foleni isiyokwenda. Injini inayonguruma bila kwenda hunywa lita moja hadi mbili kwa saa, kwa kadiri ya ukubwa wake na kama kipoza hewa kinafanya kazi.

Safari fupi. Injini baridi hunywa zaidi. Safari tatu za kwenda Kilifi siku moja, moja ya chumvi, moja ya dawa na moja ya mtoto, ni ghali kuliko safari moja iliyopangwa.

Ukiisha kuyafanya hayo, jaza tangi, uanze kipimo kipya. Yawezekana ugonjwa umekwisha na hukulipa fundi hata senti.

SEHEMU YA TATU: SABABU ZA KUTENGENEZA

Kama gari bado linakunywa, sasa tafuta ubovu. Hapa tengeneza kitu kimoja, pima, ndipo uende kwenye kingine. Ukibadili vitu vinne kwa siku moja, hutajua ni kipi kilichokuwa kibovu, na fedha za vitatu zimekwenda bure.

Breki zinazokwama. Anza na hili, hasa wewe ukaaye karibu na bahari. Upepo wa chumvi wa Takaungu na Mnarani hula chuma. Vyuma vinavyobana sahani ya breki, na waya wa breki ya mkono, hushika kutu visirudi vizuri. Breki hubaki imeshika kidogo mchana kutwa, na injini huivuta. Njia ya kujua: nenda kilomita chache katika barabara tambarare bila kupiga breki kwa nguvu, kisha simama polepole. Karibisha mkono kwenye kila gurudumu, bila kuligusa. Gurudumu moja likiwa na moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, hapo ndipo penye ubovu, ama wa breki ama wa beringi. Fundi asafishe vyuma hivyo na kuvitia grisi inayostahimili moto. Gharama yake ni ndogo, na ubovu huo ukiachwa huleta ajali.

Thamostati. Hiki ni kifaa kidogo kama kizibo, kilichowekwa katika njia ya maji baina ya injini na rejeta. Injini ikiwa baridi, thamostati hufunga njia ili maji yapate moto upesi. Maji yakifika digrii 80 hadi 90 hivi, hufungua. Wako mafundi wanaoitoa kabisa na kuitupa, wakisema, "Pwani kuna joto, haina kazi hapa." Maneno hayo si kweli. Joto la pwani ni digrii 30 hivi. Injini yataka karibu mara tatu ya hiyo.

Mtu anayewasha kuni zenye umande huzinyunyizia mafuta ya taa mpaka zishike. Injini nayo, ikiwa baridi, kompyuta yake huiongezea petroli. Isipopata moto wake kamili, kompyuta hudhani ni alfajiri mchana kutwa, na huendelea kuongeza.

Dalili ni hizi. Sindano ya joto hukaa chini, hasa ukienda kasi barabara kuu, ingawa hapo zamani ilikaa katikati. Tena, asubuhi washa injini baridi, uguse mpira mnene wa juu unaokwenda kwenye rejeta. Ukiwa mzima, hukaa baridi kwa dakika kadhaa, kisha hupata moto mara moja. Ukianza kupata uvuguvugu tangu mwanzo, thamostati imekwama wazi au haipo.

Thamostati yaweza kujaribiwa jikoni. Ifunge kwa uzi, uining'inize katika sufuria ya maji juu ya moto, isiguse chini. Nzima hufunguka kabla ya maji kuchemka, na hufunga tena ikipoa. Isiyofanya hivyo, nunua mpya yenye digrii zile zile zilizoandikwa juu yake.

Kama fundi aliitoa kwa sababu gari lilikuwa likichemsha, basi aliondoa dalili akaacha ugonjwa. Tafuta rejeta iliyoziba, feni isiyozunguka, au pampu ya maji iliyochoka. Wala usijaze rejeta maji ya kisima. Maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi na chokaa, nayo huziba na kuleta kutu. Tumia maji maalumu ya rejeta yanayouzwa dukani.

Taa ya injini. Taa ya manjano yenye picha ya injini ikiwaka isizimike, usiifunike kwa karatasi. Ni kompyuta ya gari inayoomba kusikilizwa. Fundi mwenye chombo cha kusomea ataona namba ya ubovu. Katika vinavyopoteza mafuta sana ni sensa ya oksijeni, iliyoko kwenye bomba la moshi. Ikifa, injini haijui kama mafuta yamezidi au yamepungua. Kuitengeneza kwaweza kuongeza kilomita kwa lita hata kwa sehemu 40 katika 100. Lakini namba si hukumu; humwonyesha fundi pa kupima, nayo waya iliyoliwa na panya huleta namba ile ile. Apime kwanza kabla hujanunua.

Plagi. Kwa gari la petroli, zitolewe zitazamwe. Ncha yenye rangi ya hudhurungi hafifu ni njema. Ncha nyeusi yenye masizi yaonyesha mafuta yamezidi au moto ni hafifu.

Chujio la hewa. Wengi huambiwa kwamba chujio chafu ndilo mwizi wa kwanza wa mafuta. Kwa magari ya zamani yenye kabureta, kuna ukweli ndani yake. Kwa magari ya sasa yenye kompyuta sivyo: uchunguzi wa maabara ya Oak Ridge huko Marekani mwaka 2009 ulionyesha kwamba chujio lililoziba hupunguza nguvu ya gari, wala halikuongeza mafuta kwa kiasi cha kutajwa. Badilisha chujio kwa ajili ya vumbi na maisha ya injini, lakini usitegemee likuponyeshe ugonjwa huu.

Oili. Tumia unene ulioandikwa katika kitabu cha gari. Oili nzito kuliko hiyo hupoteza sehemu 1 hadi 2 katika 100.

Gari la dizeli. Tazama moshi. Moshi mweusi mzito ni mafuta yasiyoungua: nozeli chafu, hewa haba, au pampu ya dizeli iliyofunguliwa kupita kiasi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Nozeli zipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kuzipima, si kusuguliwa kwa brashi ya chuma.

SEHEMU YA NNE: MAFUTA YENYEWE

Ni kweli kwamba katika nchi yetu wako watu waliochanganya mafuta ya taa na dizeli ili wajipatie faida. Kwa sababu hiyo, mwaka 2018 Serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili tamaa hiyo ipungue. Hata hivyo usimshtaki muuzaji kwa dhana. Kama daftari lako laonyesha gari lilibadilika mara tu ulipobadili kituo, rudi kituo cha kwanza upime tena. Tunza risiti. Ukiwa na lita, kilomita na tarehe, malalamiko yako kwa EPRA yatakuwa na uzito.

MFANO WA DAFTARI

Mfano huu ni wa hesabu tu, ili uone namna ya kuandika.

Saa 84,000: tangi limejazwa. Mwanzo.
Saa 84,420: lita 60. Kilomita 7 kwa lita. (Kabla ya kufanya lolote.)
Saa 84,876: lita 57. Kilomita 8 kwa lita. (Upepo umejazwa, keria imeteremshwa, O/D imerudishwa.)
Saa 85,311: lita 50. Kilomita 8.7 kwa lita. (Breki ya nyuma imesafishwa.)
Saa 85,791: lita 48. Kilomita 10 kwa lita. (Thamostati mpya.)

Tazama vizuri. Hakuna injini iliyofunguliwa. Na kila hatua imejionyesha yenyewe, kwa hiyo mwakani gari likianza tena, mwenye daftari hili atajua pa kuanzia.

MAONYO

Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa na moto. Maji yatakuunguza uso. Usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Weka magogo imara, na mawe kwenye magurudumu yaliyo chini. Ukisikia harufu ya petroli, usiwashe kiberiti wala sigara. Tafuta panapovuja, na gari lisitumike mpaka pazibwe. Usinyonye petroli kwa mdomo kwa mpira. Ikiingia mapafuni yaweza kuua. Na usihifadhi madumu ya petroli ndani ya nyumba mnamolala.

MASWALI

Yajibuni pamoja nyumbani, baba, mama na kijana anayeendesha. Ukishindwa, rudi usome tena.

1. Kwa nini shilingi si kipimo cha haki cha mafuta?
2. Gari limekwenda kilomita 360 kwa lita 45. Linakwenda kilomita ngapi kwa lita?
3. Kiasi cha upepo wa matairi ya gari lako kimeandikwa wapi, nacho ni kiasi gani?
4. Fundi akikuambia kwamba pwani hakuna haja ya thamostati, utamjibu nini?
5. Kwa nini tunatengeneza kitu kimoja kimoja?
6. Mwezi uliopita gari lako lilikunywa lita ngapi? Kama hapa nyumbani hakuna anayeweza kujibu, nunueni daftari leo, na kalamu mbili: moja ikae ndani ya gari.